Mto Ganga: Hata Mto Mtakatifu Unahitaji Walinzi

Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za maji, viongozi wa kimila na wa dini, na familia zilizohama makwao



Leo tutazungumza juu ya mto ulio mbali na sisi, mto Ganga wa nchi ya India. Labda mtu atauliza: sisi tuna Ruzizi, tuna Semliki, tuna mto Congo wenyewe, kwa nini tuende kutafuta mafunzo ya maji kwa Wahindi? Tuna sababu. Wakati wa MONUC, walinda amani wengi wa India walikuwa Kivu ya Kaskazini, na wale wa Bangladesh walikuwa Ituri. Tisa kati ya wale wa Bangladesh waliuawa huko Ituri mwezi wa pili mwaka 2005. Wote walivaa kofia za buluu, na wengi wetu tuliwaona kama watu wa aina moja. Kumbe nchi zao mbili zinagawana mto mmoja, na kwa miaka mingi zimegombana kwa ajili ya maji yake. Watu waliokuja kutusaidia kutafuta amani nao wana mto wa kupatana juu yake.

Jambo tunalotaka mkumbuke ni hili. Watu wanaweza kuupenda mto, wakauita mama, wakausujudia, na bado wakauchafua na kuugombania. Mapenzi na imani vinahitaji kusaidiwa na kanuni, na kanuni zinahitaji watu wa kuzilinda.

Mto wenyewe

Ganga unaanza kaskazini mwa India, katika milima ya Himalaya, mahali panapoitwa Gaumukh. Hapo maji yanatoka chini ya mlima wa barafu, kwenye urefu wa karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mkono huo unaitwa Bhagirathi. Unapokutana na mkono mwingine, Alaknanda, katika mji wa Devprayag, ndipo jina Ganga linapoanza. Kisha mto unatoka milimani kwenye mji wa Haridwar, unapita Kanpur, Prayagraj, Varanasi na Patna, halafu unaingia Bangladesh, ambako unaitwa Padma. Safari yote hadi bahari ya Bengal ni zaidi ya kilomita 2,500. Katika bonde lake wanaishi zaidi ya watu milioni 400.

Tuweke wazi neno moja. Hapa kwetu tumezoea kumwita mtu yeyote wa kutoka kule Muhindi. Mhindi ni mtu wa nchi ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Kuna Wahindi Waislamu, Wakristo, na wa dini nyingine, na wengi wao wanaishi kando ya mto huu huu.

Mama aliyekuja kwa ajili ya wafu

Kwa Wahindu, Ganga ni mungu wa kike, na wanamwita Mama Ganga. Masimulizi yao yanasema kwamba zamani mfalme Sagara alikuwa na wana 60,000. Wana hao walimshtaki kwa uongo mtakatifu mmoja jina lake Kapila kwamba ameiba farasi wa baba yao. Kapila aliwatazama kwa hasira, wakateketea wote wakawa majivu. Kwa kuwa hakuna aliyewafanyia ibada ya mazishi, roho zao zilikosa pumziko. Vizazi vikapita. Mmoja wa wajukuu, Bhagiratha, aliacha ufalme akaenda kufunga na kuomba miaka mingi ili Ganga, aliyekuwa mbinguni, ashuke kuyaosha majivu ya wazee wake. Ganga alikubali. Lakini nguvu ya maji yake ingeipasua dunia, kwa hiyo mungu Shiva aliyapokea kwanza katika nywele zake, akayaachilia polepole. Ndiyo maana mkono wa kwanza wa mto unaitwa Bhagirathi mpaka leo.

Tunawasimulia hadithi hii kwa sababu kati yetu wapo watu walioacha wafu wao njiani bila kuwazika. Tunajua uzito wa jambo hilo. Mila zetu ni tofauti, lakini mtu wa Kivu anaelewa haraka kwa nini kijana aache ufalme kwa ajili ya mazishi ya wazee wake.

Kutokana na imani hiyo, Wahindu wengi hutamani majivu yao yatiwe katika Ganga. Mjini Varanasi kuna ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, zinaitwa ghat, nazo ni zaidi ya 80. Kwenye ghat ya Manikarnika miili huchomwa usiku na mchana, na moto hauzimwi. Wengine huleta majivu kutoka mbali. Wengine huweka nyumbani chupa ndogo ya maji ya Ganga, na mgonjwa anapokaribia kufa humtilia matone machache mdomoni.

Desturi hii imefika mpaka karibu na sisi. Mahatma Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948, na majivu yake yakatiwa mahali ambapo Ganga inakutana na mto Yamuna. Lakini sehemu nyingine ya majivu ilipelekwa kwenye mito mbalimbali, na moja ya mito hiyo ni Nili, kule Jinja, Uganda, pale maji yanapotoka ziwa Victoria. Sanamu yake iko hapo, ilizinduliwa mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, Gujral.

Mto wa kazi

Ganga ni mto wa ibada, na pia ni mto wa kazi. Maji yake yanamwagilia ngano, mpunga na miwa. Kuna wavuvi, wenye mitumbwi wanaovusha watu, wafuaji nguo wanaopiga mashuka juu ya mawe, wauza maua na taa ndogo za ibada, na watu wa jamii ya Dom ambao kazi yao kwa vizazi vingi ni kuchoma maiti. Watu hao wa Dom walidharauliwa sana katika mpango wa matabaka, hata wakaitwa wasioguswa. Lakini hakuna tajiri anayechomwa pale Manikarnika bila mikono yao.

Mjini Varanasi wafumaji wengi wa nguo za hariri ni Waislamu. Wanafuma sari ambazo bibi harusi wa Kihindu huvaa, na wafanyabiashara Wahindu wanaziuza. Mpiga zumari mashuhuri Bismillah Khan, aliyefariki mwaka 2006, alikuwa Mwislamu wa Shia, na alifanya mazoezi yake ya muziki katika hekalu lililo kando ya Ganga. Hatusemi kwamba huko hakuna chuki. Ipo, na imeua watu. Tunasema kwamba maisha ya mtoni yamewafunga pamoja kwa mahitaji ya kila siku.

Mtakatifu, na bado mchafu

Hapa ndipo penye fundisho gumu. Mto huu unaoitwa mama unabeba maji machafu ya vyoo vya miji mikubwa, na takataka za viwanda. Mji wa Kanpur una viwanda vingi vya kutengeneza ngozi, na kwa miaka mingi dawa zake zilimwagwa mtoni. Mwaka 1986 serikali ya India ilizindua mpango mkubwa wa kuusafisha mto, na uzinduzi ulifanyika Varanasi. Mitambo ilijengwa. Lakini pampu zilitegemea umeme, na umeme ulipokatika, maji ya vyoo yalirudi mtoni kama kawaida. Mwaka 2014 serikali ilianza mpango mwingine, Namami Gange, na ikautengea rupia bilioni 200. Baadhi ya sehemu zimepata nafuu, lakini kazi haijaisha.

Kwa nini watu waruhusu jambo kama hilo kwa mama yao? Sababu moja ni kwamba kwa lugha ya dini, utakatifu na usafi ni vitu viwili. Muumini anaposikia mtu akisema Ganga ni mchafu, anaona imani yake imetukanwa. Anajibu kwamba Mama hawezi kuchafuka, kwa kuwa yeye ndiye anayewasafisha watu. Mazungumzo yanaishia hapo, na vyoo vinaendelea kumwagika.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyejua kuongea lugha zote mbili. Veer Bhadra Mishra alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan mjini Varanasi, na pia profesa wa uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1982 alianzisha shirika la kuusafisha mto. Alioga Gangani kila asubuhi kama ibada inavyodai, naye alijua vizuri vijidudu vilivyomo, kwa sababu shirika lake lilikuwa linavipima. Hakuwaambia waumini kwamba mama yao ni mchafu. Aliwauliza kama ni haki mama kutendewa hivyo na watoto wake. Hapo watu walisikiliza. Alifariki mwaka 2013.

Ndugu wahamasishaji wa usafi, jambo hili ni letu pia. Tunapofika kwenye chemchemi ambayo wazee wanaiheshimu, tukianza kwa kusema maji yenu yana ugonjwa, tumefunga mlango. Tukianza kwa heshima wanayoipa chemchemi, mlango unabaki wazi, na habari za vyoo na bidoni safi zitaingia.

Mto nao huhamisha watu

Kando ya Ganga kuna wahamishwa wengi kama ninyi. Kule milimani, India ilijenga bwawa kubwa la Tehri juu ya mkono wa Bhagirathi. Mwaka 2005 maji yaliufunika mji wa kale wa Tehri, na makumi ya maelfu ya watu wa mji na vijiji walihamishwa. Wengi walipinga kwa miaka mingi, akiwemo mtetezi wa misitu Sunderlal Bahuguna, ambaye alifunga kula mara kadhaa. Huko chini, katika wilaya za Malda na Murshidabad, mto unakula kingo zake kila mwaka. Familia inalala na shamba, inaamka shamba limekwenda. Baadaye udongo unatokeza upande wa pili kama kisiwa cha mchanga, na ugomvi unaanza: ni cha nani?

Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, karibu watu milioni 10 walikimbilia India. Wengi walijaa katika kambi za tambarare ya chini ya Ganga, karibu na mpaka. Kipindupindu kiliingia. Katika mji wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliona chupa za maji ya mishipa zinamalizika na wagonjwa wamelala chini kila mahali. Akaamua kuchanganya sukari ya glukosi, chumvi na magadi kwa vipimo, akaviyeyusha katika maji safi, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa kikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4 kwa kila 100.

Serumu ya kunywa tunayoipata katika vituo vyetu vya afya inatoka katika kazi kama hiyo. Sisi tunaokumbuka Goma mwaka 1994, wakati kipindupindu kilipoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, tunajua thamani yake. Na mkumbuke nani aliyeshika kile kikombe: mama, kaka, shangazi, mkimbizi mwenyewe.

Jinsi nchi mbili zilivyogawana maji

Mwaka 1975 India ilianza kutumia ukuta mkubwa wa kugeuza maji mahali panapoitwa Farakka, karibu kilomita 18 tu kabla ya mpaka wa Bangladesh. Kusudi lilikuwa kupeleka maji kwenye mkono wa Hooghly ili bandari ya Kolkata isizibwe na tope. Lakini wakati wa kiangazi, upande wa Bangladesh mito midogo ilikauka, na chumvi ya bahari ikapanda mpaka mashambani. Tarehe 16 Mei 1976, kiongozi Maulana Bhashani, mzee wa zaidi ya miaka 90, aliongoza umati mkubwa kuandamana kwa miguu kuelekea Farakka.

Mwaka 1977 nchi hizo zilipata mapatano ya miaka mitano. Yakaongezwa kidogo kidogo, halafu kuanzia 1988 hadi 1996 hapakuwa na mapatano yoyote. Tarehe 12 Desemba 1996 mawaziri wakuu wawili, Deve Gowda wa India na Sheikh Hasina wa Bangladesh, walitia sahihi mkataba wa miaka 30.

Tuangalie yaliyomo, maana hapo pana hekima. Mkataba unahusu miezi ya kiangazi, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Mei, kwa sababu wakati wa mvua hakuna anayegombania maji. Miezi hiyo imegawanywa katika vipindi vya siku kumi. Maji yakipungua sana, kila nchi inapata nusu. Katika wiki ngumu zaidi, kati ya tarehe 11 Machi na 10 Mei, nchi hizo zinapokezana: kipindi hiki moja inahakikishiwa kiasi cha karibu mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kipindi kinachofuata ni zamu ya nyingine. Na watu wa nchi zote mbili wanapima maji kila siku, pale Farakka na pia upande wa Bangladesh, kwenye daraja la Hardinge.

Mkataba huo una kasoro. Hauhakikishii Bangladesh kiasi cha chini kabisa mto unapokauka kupita kawaida, na malalamiko hayajaisha. Muda wake unafika mwisho Desemba 2026, kwa hiyo ni lazima wazungumze tena. Lakini kwa miaka yote hiyo walikuwa na karatasi ya kurejea, na vipimo ambavyo wote waliviona kwa macho yao. Hilo linapunguza uvumi.

Viongozi waliposimama

Tarehe 7 Machi 2006 mabomu yalilipuka Varanasi, moja ndani ya hekalu la Sankat Mochan, lile la profesa Mishra, na jingine kwenye kituo cha treni. Zaidi ya watu 20 walikufa. Kila mtu aliogopa kisasi kati ya Wahindu na Waislamu. Mishra aliwasihi watu watulie, na ibada ikaendelea. Viongozi wa Kiislamu wa mji walilaani shambulio na kusimama pamoja naye. Mji haukuwaka.

Mwaka 2025, kuanzia tarehe 13 Januari hadi 26 Februari, mahujaji walikusanyika Prayagraj kwa ibada ya Kumbh Mela, mkusanyiko mkubwa kuliko yote duniani. Kabla ya hapo baadhi ya wakubwa wa dini walikuwa wametaka wachuuzi Waislamu wafukuzwe kwenye eneo la ibada. Tarehe 29 Januari watu walikanyagana usiku, na serikali ikatangaza vifo vya watu 30. Mahujaji wengi walikwama mjini bila pa kulala. Waislamu wa Prayagraj walifungua misikiti, shule na nyumba zao, wakawapa blanketi, chai na chakula. Waliotaka kufukuzwa ndio waliopokea wageni.

Tunaporudi kwenye bomba letu

Ndugu zetu, maji yakimwagika hayazoleki. Ugomvi wa foleni ya bomba ukishatoa damu kati ya wahamishwa na wenyeji, kuuponya ni kazi ya miaka. Tunaomba kila kamati ijiulize maswali haya manne kabla ya kiangazi.

La kwanza: wanaoishi juu ya chemchemi na wanaoishi chini yake, wote wamo katika kamati? Wenyeji wamo? Wahamishwa wamo? Wamama, ambao ndio wabeba bidoni, wana sauti?

La pili: zamu zetu zimeandikwa, zenye siku na saa, hasa kwa miezi migumu, au ni maneno ya mdomo tu?

La tatu: nani anapima? Kama ni upande mmoja unaohesabu bidoni, upande wa pili utaamini uvumi. Waweke watu wawili, mmoja wa kila upande, wahesabu pamoja.

La nne: siku ambapo jambo baya litatokea, ni viongozi gani wawili watakaosimama pamoja mbele ya watu kabla giza halijaingia? Wajulikane leo kwa majina, na wazoeane leo.

Sisi wa shirika tutakuja kusaidia kuandika, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali. Lakini sahihi zitakuwa zenu, na ulinzi utakuwa wenu.

Mungu awape pumziko wafu wetu ambao hatukuwazika, na awarudishe walio hai makwao kwa amani.